Boti Inayovuta Kulia

Nahodha hakuwa akiniitikia salamu mpaka tuwe tumeshatoka bandarini. Katika mji kama Wete, ambako mtu akikupita kimya unarudi nyumbani ukijiuliza umemkosea nini, jambo hilo lilinichukua miezi kulizoea. Nilikuwa nashuka kutoka mtaani kwetu Jadida kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, kisanduku cha chanjo begani, nampa shikamoo yake, naye ananionyesha kiti kwa kidole. Anawasha mashine, anainamisha kichwa, anaisikiliza. Tukishazipita ngalawa za wavuvi na maji yakawa mapana, hapo ndipo hugeuka nusu na kusema, "Marahaba, Sista. Waamkaje nyumbani?" Salamu yangu ilikuwa imeshapoa robo saa nzima.

Miaka saba nilisafiri naye kwenda kisiwa cha Fundo na kurudi. Jina lake nalijua, lakini sijawahi kulitumia, na mkewe mwenyewe alikuwa akimwita Nahodha. Mimi naye alinijua kwa kazi yangu. Mimi ni muuguzi, binti wa mwalimu aliyekuja kutoka bara akasahau kurudi, na nimekuwa Sista kliniki, Sista mtaani, na hata kanisani kwetu. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nikificha chupa ya maji chini ya khanga kwa kumstahi, mpaka siku moja akasema bila kugeuka, "Kunywa, Sista, jua kali. Ukinangukia hapa ntakubeba na n'ni?"

Boti yenyewe haikuwa ya kazi yetu. Ililetwa Pemba kwa ajili ya mchezo. Huko kaskazini ilikuwapo hoteli iliyopokea wageni wanaopenda kusimama juu ya mbao mbili, wakashika kamba, wakavutwa baharini mpaka wakaanguka, kisha wakaomba wavutwe tena. Hoteli ilipofungwa mwenyewe aliondoka na mabegi mawili, na boti akamwachia Nahodha, aliyekuwa akiiendesha, maana hakuna mwingine aliyeitaka. Ofisi yetu ya afya ikaikodi kwa sababu boti yetu wenyewe ilikuwa juu ya matofali tangu sijui lini. Kwa hiyo chanjo za watoto wa Fundo zilisafiri kwenye viti vyekundu vya ngozi ya bandia, na nyuma ya kichwa changu palikuwa na nguzo ya kufungia kamba ya mchezo. Mwenzangu wa safari, ambaye visiwani wote walimwita Bwana Chanjo, aliitumia nguzo ile kujishikilia akitapika.

Nahodha aliisema vibaya boti ile kila siku ya Mungu. Chombo cha watoto wa Kizungu, alisema. Kinakunywa mafuta, hakipandi mchangani, hakibebi hata gunia la mkaa. Na kila alasiri, kabla hajajimwagia maji yeye, aliiosha kwa maji ya bomba ndoo baada ya ndoo, akiifuta vioo kwa kikoi chake kizuri. Nilimuuliza mara moja kwa nini anakiosha chombo asichokipenda. Akanijibu kwamba mimi pia nampaka dawa Bwana Chanjo akiumia.

Lazima nieleze kidogo boti ile inavyoendeshwa, maana bila hilo huwezi kumwelewa. Wavuvi wa kwetu wamezoea mashine za nje, zile zinazoning'inia nyuma. Ukitaka kugeuka unaigeuza mashine yenyewe, na chombo kinafuata. Boti hii mashine yake ilikuwa ndani, katikati, chini ya sanduku. Haigeuki. Inachofanya ni kuzungusha rafadha, ile feni ya chuma, chini ya tumbo la boti, na rafadha inasukuma maji yanayopiga ubapa mdogo ulio nyuma yake, na ubapa ule ndio unaougeuza ukizungusha usukani. Maji yakisukumwa, usukani una uhai. Ukipunguza moto, maji hayasukumwi tena, na usukani unabaki mkononi kama kifuniko cha sufuria.

Wavuvi hodari wote walikuwa na kosa moja kwenye boti ile. Wakiona mwamba au ngazi za bandari zinakaribia, mkono wenyewe unapunguza moto kwanza, ndipo wanageuza. Kwenye mashine ya nje hiyo ni busara. Kwenye boti ya Nahodha ilikuwa kujitupa. Palikuwa na jamaa yake wa Kojani, mtu aliyewahi kutega nyavu mpaka pwani za mbali na asiyesikia la mtu, aliyeomba ashike usukani siku moja tu. Alikwenda vizuri mpaka bandarini. Pale akapunguza moto kama alivyozoea, akazungusha usukani mpaka mwisho, na boti ikaendelea mbele moja kwa moja hadi kwenye ngazi, ikavunja pua. Jamaa akashuka, akatangaza kwamba chombo kile kina shetani na kinahitaji kisomo.

Hicho ndicho kisa pekee kilichomchekesha Nahodha. Alikisimulia akishika mbavu, na mwisho alikuwa akisema, "Hichi chombo sivo vile. Hapa ukiogopa, ongeza moto. Ukiogopa ukapunguza, ushakwisha."

La pili ni kwamba boti ile ilivuta kulia. Ndivyo zilivyo, alisema, rafadha inazunguka upande mmoja na usukani unavutwa nayo. Ukiuachia tu, unajizungusha wenyewe na boti inakwenda kulia. Basi miaka yote ile mkono wake wa kushoto ulikuwa pale, umeshikilia kidogo tu, kama mama anavyomshika mtoto mkono sokoni, hamvuti wala hamwachii. Akirudi nyuma ndiyo kabisa. Zungusha usukani utakavyo, mkia ulikwenda kulia, haukumsikiliza mtu. Kwa hiyo aliegesha kwa ubavu wa kulia siku zote. Akikuta nafasi yake imechukuliwa, alizima mashine na kungoja, hata nusu saa, sisi tumechoka na njaa inauma na Bwana Chanjo amelala chali juu ya sanduku la mashine anaomba afe. Nafasi ya kuegesha kwa ubavu wa kushoto ilikuwa wazi. Nahodha hakuitazama.

Aliendesha kwa ule mkono wa kushoto zaidi kuliko kwa macho. Nilichelewa kulijua hilo. Aliniambia kwamba zama za hoteli hakuwa akigeuka kumtazama anayevutwa. "Akenda kushoto, mkia wamfuata, pua yataka kulia, mkono wapata mzigo. Akenda kulia, mzigo wapungua. Akianguka..." Alifungua vidole. "Mtupu. Mie nishapunguza, yule wa nyuma hajapiga kelele bado." Mgeni mmoja aliwahi kumwambia kwamba amevutwa nchi nyingi na hajapata kuvutwa kwenye mstari ulionyooka namna ile. Kisa hicho nilikisikia mara nyingi mno, na kila mara nilikipokea upya, maana hakuwa mtu wa kusifiwa mara kwa mara.

Sisi nasi alitujua vivyo hivyo. Nikijisogeza kukwepa jua alisema, "Sista, rudi kati." Hakuwa ameniona.

Nilimwomba anifundishe. Alikataa mwaka mzima, kisha siku moja tukitoka Fundo, bahari imetulia, akasimama akaniachia kiti bila maelezo. Niliukamata usukani kwa mikono miwili kwa nguvu zangu zote. "Usiukamate," akasema. "Ushike tu. Uache ukwambie." Nikalegeza vidole, na hapo nikausikia. Kulikuwa na mtetemo mdogo sana, na chini ya mtetemo ule, mvuto wa kulia usiokoma. Kugeuka kulia ilikuwa kuruhusu tu. Kugeuka kushoto ilikuwa kazi, bega likifanya kazi. Na boti haikugeuka kama gari. Ilizunguka katikati yake, pua ikienda huku mkia ukienda kule, hata nikaelewa kwa nini hakuwa akigeuka karibu na ukuta. Niliendesha kama dakika ishirini. Bega liliniuma siku mbili, na siku zote mbili nilikuwa nacheka peke yangu jikoni.

Baada ya hapo alinipa usukani mara kwa mara njiani kurudi. Bwana Chanjo alifumba macho tu.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloogopa kulieleza. Nahodha alikuwa na sukari. Wete nzima ilijua, na wauza halua wa Wete walijua zaidi kuliko wote. Chai alikunywa kavu, kwa fahari, akiwahubiria watu madhara ya sukari, kisha unamkuta nyuma ya kibanda cha mafuta anafungua karatasi ya halua kama mwizi. Nilimgombeza miaka yote. Alinisikiliza kwa adabu, akafuta vidole, akanikaribisha kipande.

Mwaka wa sita, tulipomaliza kliniki Fundo, kina mama walituletea chai kama kawaida yao. Bilauri zilikuwa za moto, tukazishika kwa ncha za vidole huku juu ukingoni, tukipuliza. Nahodha aliikumbatia yake kwa kiganja kizima cha kushoto, akaendelea kuzungumza. Nilimtazama mpaka chai yangu ikapoa. Jumanne iliyofuata kiganja kile kilikuwa na lengelenge.

Nilimwita kwenye chumba changu cha kliniki, nikamfumbisha macho, nikachukua pamba. Nikamwambia aseme akisikia nimemgusa. Nikamgusa kidole gumba cha mkono wa kushoto, hakusema kitu. Cha shahada, kimya. Nikaondoa mkono, nikakaa tu, nikimtazama. "Nasikia," akasema. Nikangoja. "Nasikia hapo pia." Sikuwa nimemgusa popote.

Alipofumbua macho alijua kwa uso wangu. Ganzi ilimwanzia miguuni, akasema, muda mrefu uliopita. Mkononi ni ya juzijuzi. Kisha akasema, "Sista, hili libaki humu."

Nikamwambia litabaki. Muuguzi hasemi ya mgonjwa wake, na nililikamata neno hilo vizuri, likawa mwavuli wangu. Nilikuwa na sababu nyingine pia, zote nzuri. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuiendesha boti ile. Safari zingesimama, watoto wangekosa chanjo, ofisi ingeandika barua na barua ingejibiwa kwa barua. Lakini hata yeye mwenyewe, niliyekuwa naye kila Jumanne na Alhamisi ubavu kwa ubavu, sikumwambia aache. Nilimpa vidonge, nikamfunga kidonda cha mguu, nikamgombeza kuhusu halua. Niliogopa kumwambia. Hiyo ndiyo sababu iliyobaki ukizitoa zile nzuri.

Na nilikuwa naona. Aliuzungushia usukani uzi wa nyavu, fundo baada ya fundo, ili mkono upate kitu cha kushika. Alianza kuutazama. Mtu aliyekuwa akiendesha huku anakodolea macho upeo wa bahari sasa aliinamisha macho kwenye mkono wake mwenyewe kuhakikisha kama bado uko pale. Mstari wetu wa kwenda Fundo ukaanza kupinda kulia, anaurudisha, unapinda, anaurudisha. Siku moja nilihama kiti makusudi, nikaenda ukingoni kabisa. Hakusema rudi kati. Nilikaa pale ukingoni, nikaona uchungu mpaka tukafika.

Alhamisi moja tulipakia Fundo mama mjamzito aliyekuwa na uchungu tangu alfajiri, na mkwewe. Bwana Chanjo aliwapisha viti. Nilikaa chini miguuni pake, nikihesabu machungu, na Nahodha akaenda mbio kuliko alivyopenda kwa sababu nilimwomba. Tulipokaribia Wete, pale mikoko inapojitokeza, ngalawa ikachomoza mbele yetu, na mvuvi mmoja ndani yake.

Nahodha aliiona. Sote tuliiona, palikuwa na nafasi. Akazungusha kushoto, na usukani ukampita vidoleni. Nilikuona kule kuteleza. Vidole vilikuwa vimefumba na usukani unapita ndani yake, unarudi kulia, kuelekea ngalawa. Akaudaka kwa mkono wa pili. Na hapo Nahodha akafanya lile alilolicheka miaka yote. Akapunguza moto wote.

Mashine ikanyamaza, usukani ukafa, tukaenda moja kwa moja. Mvuvi akajitupa majini. Tuliukata ule mti wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, ukalia kama mfupa unaovunjika, na ngalawa ikalala ubavu.

Hakuna aliyeumia. Tulimvuta mvuvi juu, mtu mzima wa makamo, maji yanamchuruzika, matusi yamemjaa kinywani. Kisha akaona ni nani aliyekuwa penye usukani, matusi yakamwishia.

"Nahodha," akasema. "N'weye?"

Mkwe wa mgonjwa alikuwa anasoma dua kwa sauti, mgonjwa amenikamata mkono. Nahodha alitoka kwenye kiti, akakaa chini palipokuwa na maji, akasema, "Shika, Sista. Mpeleke mama."

Nilimwachia mgonjwa Bwana Chanjo, ambaye kwa mara ya kwanza hakutapika. Nikawasha. Bandari ilipokaribia na zile ngazi zikawa kubwa, kila kiungo changu kilitaka kupunguza moto. Nikaongeza kidogo. Pua ikaitikia. Nikarudi nyuma, mkia ukaenda kulia wenyewe, ubavu ukagusa ukuta taratibu. Watu bandarini walishangilia, maana waliona mwanamke anaegesha na hawakujua kingine. Nilitazama nyuma nimwone Nahodha, nikaona anautazama mkono wake. Mama yule alijifungua salama mchana ule, mtoto wa kike.

Baada ya hapo hakuja. Hakufukuzwa, sitaki mtu afikiri hivyo. Ofisini walisema anapumzika. Bandarini walisema atarudi. Boti ya ofisi ikashushwa kutoka juu ya matofali, ikatiwa mashine ya nje, ikapata kijana mwenye haraka ambaye hunisalimia kabla sijafika. Boti ya Nahodha ikabaki imefungwa kwa ubavu wake wa kulia, viti vyekundu vikipauka. Mimi nilikuwa naipita mara nne kwa wiki na kuangalia pembeni. Nilichoka kwa namna ambayo likizo haisaidii.

Mwaka ulipokaribia kutimia nilisikia amehamia Kojani kwa ndugu zake. Nikavuka Jumamosi moja na mashua ya abiria, nikauliza, nikaonyeshwa nyumba. Mkewe alinipokea kwa vigelegele, kisha akanivutia pembeni kabla hatujaingia. "Kila siku asema kesho narudi Wete, boti yaniharibikia. Kila siku, Sista. Miye nishanyamaza. Ntamwambia n'ni?"

Nahodha alikuwa ameketi juu ya mkeka, mguu umefungwa kitambaa, amekonda. Safari hii aliniitikia shikamoo mara moja. Akauliza habari za kina mama wa Fundo, za Bwana Chanjo, za yule mtoto wa kike. Nikamwambia anatambaa. Nikakifungua kidonda, nikakisafisha. Akanitazama nikifanya kazi, maana kuhisi hakuhisi kitu.

"Sista," akasema. "Ile siku ya pamba. Hukunigusa."

"Sikukugusa, Nahodha."

"Nlijua. Nlijua hukunigusa, nkasema nasikia. Nlikuomba usiwambie watu. Na weye hukuwambia watu. Ahsante. Lakini miye mbona hukunambia?"

Nilikuwa nimeshika bandeji tu.

"Kila Jumanne nakuona wateremka na kisanduku chako, nasema leo Sista atasema. Leo atanambia, Nahodha, basi. Nlikuwa nkingoja. Mwenyewe siwezi. Mwenyewe hata sasa siwezi, muulize mke wangu." Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta kwa sababu mikono yangu ilikuwa na dawa. "Mpaka nkaja kumgonga yule bwana. Na wana wa watu ndani."

"Nisamehe, Nahodha."

"Sitaki samahani. Sema."

"Niseme nini?"

"Lile. Nambie sasa. Sema nisikie."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa, hakuingia. Nikaweka bandeji chini. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, ile ya kliniki, ya kuwaambia watu mambo yasiyorudi nyuma. "Nahodha, mkono wako hauna hisia na hautarudi. Usiendeshe tena. Si kesho, si siku yoyote. Basi."

"Haya," akasema. Akashusha pumzi ndefu. "Haya, Sista. Nshasikia."

Kisha akaingiza mkono wa kushoto mfukoni. Akatafuta, akatafuta, akitazama ukuta, na mfukoni mlikuwa mnalia vyuma lakini vidole havikujua kipi ni kipi. Mkewe akasogea amsaidie, akamkatalia kwa kichwa. Mwisho akaukamata mfuko wenyewe, akaupindua nje, sarafu mbili na ufunguo wa boti vikaanguka juu ya mkeka.

"Chukua," akasema. "Miye sitausikia ukitoka."

Nikauokota.